Mwalimu wa Chekechea Apewe Maua Yake

Katika shule ya msingi sioni kazi ngumu na tamu kwa pamoja kama ya mwalimu wa awali. Mwalimu wa darasa la saba hupokea mtoto anayejua kukaa, kushika kalamu na kuomba ruhusa. Yote hayo yalianzia kwa mwenzake wa chekechea.

Tazama zana zake: vizibo vya soda na mbegu za ukwaju za kuhesabia, udongo wa mfinyanzi, maboksi yaliyokatwa na kuandikwa herufi. Mtoto anafinyanga ng'ombe, anamhesabia miguu, na hesabu imeshaingia kabla hajatambua kwamba anasoma. Anachora herufi mchangani kwa kidole. Mkono ukikomaa ndipo penseli inakuja. Ukuti ukuti uwanjani humzoesha kushikana mikono na asiyemjua. Wapo wanaofika wakijua Kisukuma au Kigogo tu, na nyimbo ndizo zinazowapa Kiswahili bila kuwaaibisha.

Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja. Elimumsingi bila malipo ilipoanza 2016, madarasa yalifurika. Mwalimu huyo huyo aliendelea kufunga kamba za viatu, kufuta kamasi, na kumbembeleza anayemlilia mama.

Furaha yake? Ni siku ile mtoto aliyenyamaza muhula mzima anaponyoosha mkono na kusimulia hadithi ya sungura na fisi mpaka mwisho. Wapewe maua yao walimu hawa, na wapewe pia wasaidizi, vitabu vya picha na mikeka ya kutosha.