Takemitsu Hakurudi Nyumbani

Wahakiki wengi wa Toru Takemitsu (1930–1996) humsimulia hivi: kijana alikimbilia muziki wa Ulaya, kisha akairejea asili yake. Mimi sikubaliani nao.

Mwaka 1944 alipelekwa kufanya kazi katika kambi ya jeshi milimani. Muziki wa Magharibi ulikuwa marufuku, lakini siku moja ofisa mmoja aliwapigia vijana santuri ya wimbo wa Kifaransa. Vita vikaisha, na muziki wa Kijapani ukawa unamkumbusha vita tu. Akajifunza utunzi karibu peke yake. Mwaka 1959 Stravinsky alikuwa Tokyo, akaisikia Requiem yake ya 1957, akaisifu.

Sasa hebu tuitazame November Steps (1967), kazi iliyoagizwa na New York Philharmonic ilipotimiza miaka 125. Mbele ya okestra kuna biwa, ndugu wa mbali wa udi, na shakuhachi, filimbi ya mwanzi. Eti huo ndio upatanisho wa Mashariki na Magharibi! Upatanisho gani? Okestra ikipiga, wale wawili mara nyingi wako kimya. Wakianza wao, okestra hunyamaza. Kuelekea mwisho wanaachiwa uwanja wenyewe kwa dakika kadhaa. Fani yenyewe inaikataa hiyo ndoa. Aliyewahi kuzichukia sauti za kwao atazikumbatiaje kana kwamba hakuna lililotokea?

Najua mwalimu wangu mmoja atasema nimeisoma santuri kama riwaya. Sawa, lakini aisikilize tena.