Filamu Mpya Sebuleni

Wapo wanaobishana kama filamu mpya itazamwe ukumbini au nyumbani. Sisi wa Chalinze hatukupewa kuchagua. Kwenda ukumbini ni kupanda basi la Dar es Salaam, kilomita 100 hivi, na kurudi ni kesho. Kwa hiyo filamu za kina Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, tulizipokea kwenye diski, kwa jirani mwenye televisheni.

Nyingi zilifanana na sebule ile ile. Watu wamekaa kwenye makochi wanagombana, kamera imewakazia nyuso. Hadithi moja hukatwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili, ili tununue mara mbili. (Tulinunua.) Siwalaumu waigizaji, kazi ilishonwa kwa kipimo cha mahali itakapotazamwa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haikushonwa hivyo. Niliitazama nyumbani, mchana, dirisha wazi. Usiku wa Unguja ukawa weusi mtupu. Denge na Yasmini nikiwatambua kwa sauti tu. Nikafunga dirisha, nikatundika kanga juu ya pazia, nikafukuza kuku mlangoni, nikaanza upya.