Nishani ya Kuigiza: Uhakiki wa Kanuni za Kutunuku na Kuvaa Nishani katika Maigizo ya Vita vya Kale

1. Utangulizi

Katika mashindano ya tamthilia za shule ambayo niliwahi kualikwa kuyatazama, aliingia jukwaani kijana aliyeigiza pagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikuwa peku, mzigo kichwani, na juu ya shati lake lililochanika zilining'inia nishani tatu zenye tepe za rangi. Watazamaji walimpigia makofi kabla hajatamka neno. Onyesho lilipokwisha nilimwuliza mwalimu wao nishani zile zilikuwa za nini. Alinijibu kwa upole, "Tulitaka watu wajue kuwa huyu ni shujaa, mwalimu." Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu, nami sikuwa na la kumjibu papo hapo. Makala hii ni jaribio la kulitafuta jawabu.

Tunakusudia kuzihakiki kanuni zinazotawala utoaji na uvaaji wa nishani za kijeshi katika maigizo ya vita vya kale, yaani maonyesho ambamo watu huvaa sare za zamani na kurudia, uwanjani au jukwaani, mambo yaliyotendeka kweli. Sanaa hii imestawi sana Ulaya na Marekani, na mijadala mingi ya sheria kuhusu nishani imezuka huko. Hoja yetu ni kwamba kanuni hizo, za sheria na za desturi, zimetungwa hasa kwa ajili ya kumlinda yule aliyetunukiwa. Yule aliyenyimwa hazimlindi. Kwa sababu hiyo sanaa ya maonyesho inahitaji kuwa na kanuni yake yenyewe.

2. Nishani kama alama

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Asili ya nishani ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Kiswahili kinayo pia maneno kutuza, kutunza na kutunuku, ambayo matumizi yake hukaribiana bila kulingana. Mchezaji wa ngoma hutuzwa palepale uwanjani, mbele ya watu waliomwona akicheza, nasi husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Anayetuza na wanaotazama wote ni mashahidi wa kile kinachotuzwa. Nishani ya vita haiko hivyo. Kitendo kilitendeka mbali, pengine usiku, na walio wengi kati ya walioshuhudia wamekwisha kufa. Anayeiona nishani kifuani mwa mtu hana budi kuiamini. Kwa hiyo nishani ni ushahidi unaovaliwa, na thamani yake yote imo katika kuaminika kwake.

Mwigizaji anapoivaa nishani hiyo, hali yake ni kama ya msemaji anayenukuu maneno ya mtu mwingine. Nukuu njema ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba msikilizaji ajue kuwa hiyo ni nukuu. Sharti la pili ni kwamba kinachonukuliwa kiwe kilisemwa kweli. Tutaona kwamba sheria za nchi zimejishughulisha sana na sharti la kwanza, na kuliacha la pili mikononi mwa waigizaji wenyewe.

3. Sharti la kwanza: watazamaji wajue kuwa ni igizo

Nchini Uingereza, Sheria ya Sare ya mwaka 1894 ilikataza raia kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, lakini ikauacha huru mchezo wa jukwaani na uigizaji wa kweli wa mambo ya kijeshi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya nayo ina katazo la namna hiyo, pamoja na nafasi ya namna hiyo kwa mchezo wa kuigiza. Ama kuhusu nishani zenyewe, Sheria ya Jeshi ya Uingereza ya 1955 ilifanya kuwa kosa kwa mtu kuvaa nishani asiyostahili. Kifungu hicho kilifutwa na Sheria ya Majeshi ya 2006. Mwaka 2016 mbunge Gareth Johnson alipeleka bungeni mswada wa kulirudisha kosa hilo, lakini ulikufa bunge lilipovunjwa mwaka 2017.

Desturi ya Waingereza imekwenda mbali kuliko sheria yao. Aliyetunukiwa huvaa nishani zake upande wa kushoto wa kifua, ilhali jamaa wa marehemu azivaapo kwa kumbukumbu huzivaa upande wa kulia. Kwa kuhamisha nishani kutoka upande mmoja hadi mwingine, mvaaji anatamka sentensi nzima: hizi si zangu, ni za mtu wangu. Hatujui alama nyingine ya nukuu iliyo nyepesi na iliyo wazi kama hii.

Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu mara mbili. Mwaka 1967, mjini Houston, Daniel Schacht aliigiza barabarani mchezo mfupi wa kupinga vita vya Vietnam, akiwa amevaa sare ya jeshi. Sheria ilimruhusu mwigizaji kuvaa sare, ila kwa sharti kwamba uigizaji wake usilishushie jeshi heshima. Mwaka 1970 Mahakama ililifuta sharti hilo, kwa kuwa lilimruhusu msanii kusifu na kumkataza kulaumu. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2012, katika kesi ya Xavier Alvarez, aliyedai kwa uongo kuwa ametunukiwa Medali ya Heshima. Mahakama iliamua kwamba uongo wa namna hiyo, peke yake, hauwezi kuadhibiwa. Sheria mpya ya 2013 ikalifunga kosa kwenye nia ya kujipatia fedha, mali au faida nyingine ya dhahiri.

Mfano wa Ujerumani unashangaza zaidi. Sheria ya mwaka 1957 iliwaruhusu waliotunukiwa wakati wa utawala wa Kinazi kuvaa nishani zao mradi swastika iondolewe, na Msalaba wa Chuma wa 1939 ukatengenezwa upya ukiwa na majani ya mwaloni mahali pake. Wakati huo huo sheria ya jinai huruhusu alama za Kinazi zionyeshwe kwa ajili ya sanaa, utafiti na mafunzo. Matokeo yake ni kwamba askari aliyeipata nishani kweli huivaa ikiwa imebadilishwa, na mwigizaji wa filamu huivaa kama ilivyokuwa. Sheria imetambua hapa, pengine kuliko mahali pengine popote, kwamba anayenukuu yuko katika hali tofauti na anayesema.

Katika mifano yote hii sheria huuliza swali moja: je, watazamaji wanadanganywa kuhusu mvaaji? Kwa swali hilo kijana wetu wa jukwaani hana hatia yoyote. Hakuna aliyedhani kwamba mwanafunzi wa sekondari alipigana vita mwaka 1917.

4. Sharti la pili: kinachonukuliwa kiwe cha kweli

Swali la pili ni la mhakiki: je, watazamaji wanadanganywa kuhusu yule anayeigizwa? Hapa makosa ni mengi, hata kwa waigizaji wenye bidii. Jeshi la Marekani lilitoa Medali ya Heshima kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1863. Anayeigiza mapigano ya Antietam ya Septemba 1862 akiwa na medali hiyo kifuani amemvika askari wake kitu ambacho hakijapata kutolewa. Medali ya Vita ya Uingereza, ambayo huonekana kila mara katika maigizo ya vita vya 1914 hadi 1918, ilianzishwa mwaka 1919. Askari wa KAR walipigana katika Bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, lakini Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945. Askari wa Kabaw mwenye nyota hiyo amekwisha kuambiwa kwamba vita vitakwisha na kwamba yeye atapona. Hofu yote ya bonde lile imetoweka kwa pini moja.

Kutunuku nako kuna hatari yake. Kikundi cha maigizo kinapotaka kumsifu mwanachama wake, kinaweza kushawishika kumvika nakala ya nishani halisi. Kwa maoni yetu hilo halifai, kwani kitendo kilichosifiwa na alama iliyotumika ni vya dunia mbili tofauti. Kikundi kina haki ya kuwatuza watu wake, lakini kiwatuze kwa alama yake chenyewe, kwa kazi iliyofanyika mbele ya macho yao.

Pwani yetu ililijua jambo hili zamani. Katika beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuenea bara kwa miguu ya askari na wapagazi wakati wa vita, wachezaji walivaa sare, wakaandamana kijeshi, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alipinga maoni kwamba huko kulikuwa kuwaiga wazungu tu. Tunakubaliana naye. Cheo cha beni kilitolewa na chama, kwa mwanachama, kwa mchango ambao chama chenyewe kiliuona. Mpokeaji alituzwa kwao, wala hakudai kuwa amepigana vita ambavyo hakupigana.

5. Nani ana mamlaka ya kutunuku?

Hapo linazuka swali gumu zaidi. Waruhiu Itote alihudumu Burma katika KAR, akafikia cheo cha koplo. Miaka michache baadaye, msituni, aliitwa Jenerali China. Cheo cha kwanza kilitolewa na dola, na cha pili kilitolewa na wapiganaji. Dola iliyotoa cha kwanza haikukitambua cha pili, na nchini Kenya katazo dhidi ya Mau Mau, lililowekwa mwaka 1950, liliondolewa mwaka 2003 tu. Mwigizaji akifuata orodha rasmi peke yake, Itote atabaki koplo hadi mwisho wa mchezo. Kwa hiyo usahihi tunaoudai hauwezi kuwa utiifu kwa gazeti la serikali. Mwigizaji anapaswa kuonyesha ni nani aliyetoa, alimpa nani, na mbele ya nani. Jenerali wa msituni avae alichokuwa nacho msituni, asikopeshwe nishani za jeshi lililokuwa likimwinda.

6. Kifua kitupu

Sasa tunaweza kumrudia pagazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Medali ya Vita ya Uingereza ilitolewa kwa fedha kwa askari, na kwa shaba kwa watu wa baadhi ya vikosi vya kazi. Serikali ya Afrika Kusini iliwanyima kabisa Waafrika wake waliohudumu katika kikosi cha kazi huko Ufaransa, ingawa mamia yao walizama katika meli Mendi tarehe 21 Februari 1917. Katika Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa wingi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na kumbukumbu yao kubwa kwa umma ni majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kumbandika pagazi nishani tatu bila ushahidi kwamba alipewa hata moja ni kulipa kwa bati deni ambalo waliokuwa wakidaiwa hawakulilipa. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba hesabu ilifungwa.

Huenda msomaji akapinga kwamba jukwaa si mahakama. Ebrahim Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ni kiumbe cha ubunifu, wala si yule wa historia. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu letu limo ndani yake: Hussein alieleza. Mtunzi anayetaka kumtunuku pagazi anaweza kuandika onyesho la ndoto, au kuwaleta wajukuu wamvike mbele yetu, nasi tutajua ni nani anayetunuku na kwa nini amechelewa. Tamthilia tuliyoiona haikufanya hivyo, maana ilidai kuwa ni historia.

7. Hitimisho

Tunapendekeza, basi, kanuni nne. Mwigizaji avae tu kile ambacho anayeigizwa angeweza kuwa nacho siku ile. Nishani ya mtu mwingine ivaliwe kwa namna inayoonyesha kuwa ni ya mtu mwingine. Kikundi kitunuku alama zake chenyewe. Na pale ambapo historia haikutoa kitu, kifua kiachwe kitupu.

Kanuni ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamnyima mtengeneza mavazi njia ya mkato na kuuacha mzigo wote kwa mwandishi na mwigizaji. Mwalimu yule alitaka watu wajue kwamba pagazi ni shujaa, na nia yake ilikuwa njema. Kama angeniuliza leo, ningemshauri azibandue nishani zile, amwache kijana asimame na mzigo wake, kisha amtungie maneno ya kutosha.