Clint Eastwood: Tuanzie Picha Ipi?

Mdogo wangu alinirudishia flashi yangu asubuhi moja, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. "Kaka, picha lako limepoa," akaniambia. "Steringi gani anaanguka na nguruwe kwenye matope, halafu hata farasi anamshinda kupanda?"

Nilikuwa nimempa "Unforgiven" ya mwaka 1992, picha iliyopata tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya picha bora na ya mwongozaji bora, na ambayo mimi binafsi nimeitazama mara tisa. Yeye alilala kabla haijafika katikati. Nilimkasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo nilipotambua kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemsomea mtu sura ya mwisho ya riwaya, halafu namlaumu kwa nini halii.

Suala la wapi pa kuanzia si dogo kwa mtu kama Clint Eastwood. Alizaliwa San Francisco tarehe 31 Mei, 1930. Alianza kujulikana kwa mchezo wa televisheni wa "Rawhide" (1959 hadi 1965), akapaa kwa zile picha tatu alizocheza chini ya Mwitaliano Sergio Leone kati ya 1964 na 1966. Kisha akakaa upande wa pili wa kamera, na tangu "Play Misty for Me" ya 1971 hadi "Juror #2" ya 2024 ameongoza picha zipatazo 40, nyingi kati ya hizo akiigiza humo humo. Ukisema uanze ya kwanza ufuate mstari hadi ya mwisho, utachoka njiani, kwani zimo na za kujazia. Mimi "The Rookie" (1990) sikuimaliza, na wala sioni haya.

Wapo wanaosema anza na iliyobeba tuzo. Hao ndio walionipotosha na mdogo wangu. Wapo wanaosema wewe ni Mwafrika, anza na "Invictus" (2009), Morgan Freeman akiwa Mandela, na lile Kombe la Dunia la raga la 1995. Ni picha nzuri ya kutazama na wazazi sebuleni. Lakini Mandela yule ana majibu yote tangu dakika ya kwanza, na Eastwood ninayemtaka mimi ni yule asiyejiamini. Kama ni lazima aje Afrika, afadhali "White Hunter Black Heart" (1990), iliyopigwa Zimbabwe. Humo anaigiza mwongozaji mbabe, aliyechongwa kwa mfano wa John Huston, anayeacha kazi ya kutengeneza picha kwa sababu ya uchu wa kumuua tembo mmoja, na anayelipia uchu ule kwa roho yake ni kiongozi wa msafara wa uwindaji, Mwafrika. (Huston ndiye aliyetengeneza "The African Queen" ya 1951, ambayo riwaya yake ilichota kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza katika ziwa letu hili la Tanganyika. Sisi wa Kigoma tuna haki ya kuidai kidogo.) Hata hiyo, hata hivyo, si ya kuanzia.

Mimi nasema anza na "The Outlaw Josey Wales" ya 1976.

Nimekulia kwenye banda umiza la mtaani kwetu, benchi za mbao, gunia dirishani, joto la kukamua shati. Sheria ya mle ndani ilikuwa moja tu: steringi hafi. Akipigwa ni ili aamke, na akiamka maadui wataisoma namba. Mtu aliyefunzwa hivyo huwezi kumpa mzee wa nguruwe ukategemea aelewe. Lazima kwanza umpe anachokidai. Na Josey Wales anakitoa, tena kwa mikono miwili, bastola kila mkono. Ni mkulima wa Missouri wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wanamgambo wa upande wa Kaskazini wanamchomea nyumba, wanamuua mkewe na mwanawe. Anajiunga na wapiganaji wa msituni wa upande wa Kusini. Vita vinapokwisha, wenzake wanajisalimisha kwa ahadi ya msamaha, na wanapigwa risasi wakiwa wanaapa kiapo. Yeye aliyekataa kujisalimisha anawindwa hadi Texas. Kufika hapo banda zima limeshasimama juu ya benchi.

Lakini tazama kinachotokea njiani. Mtu aliyeamua kuwa peke yake anaanza kuokota watu. Kwanza kijana majeruhi, anayemfia. Kisha mzee wa Kicherokee, Lone Watie, ambaye Chief Dan George anamwigiza kwa ucheshi mkavu hata unasahau kumtazama steringi. Kisha binti wa Kinavajo. Kisha bibi kizee wa Kansas, asiyewapenda kabisa watu wa Missouri, pamoja na mjukuu wake. Hata mbwa koko anayetemewa mate ya tumbaku kichwani naye anafuata tu. Muuaji anashtuka ana kaya nzima mgongoni! Na inapofika zamu ya kupigana na Wakomanchi, anapanda farasi peke yake kwenda kwa chifu wao, Ten Bears, na wanazungumza.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kingo za kiti nikisubiri bastola. Haikutoka. Ni maneno tu, ya watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake ana uwezo wa kumuua, na kila mmoja anaona kufa leo hakuna faida. Nilikasirika, nasema kweli, nikaona nimedhulumiwa pambano. Kisha nikairudisha nyuma nikaitazama tena, na mara ya pili ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa naogopa zaidi kuliko katika mapigano yote yaliyotangulia. Mwisho wake sitausimulia wote, ila yupo mtu anayemtambua Josey waziwazi na anaamua kutomtambua, huku damu ikidondoka kwenye buti. Mwalimu wetu wa Kidato cha Nne angeuliza hapo dhamira ni ipi. Mimi ningemwonyesha lile buti.

Siwezi kuisifu picha hii nikalifunika jambo lake baya. Riwaya iliyoizaa iliandikwa na mtu aliyejiita Forrest Carter. Jina lake halisi ni Asa Carter, Mzungu wa Alabama, mtu wa Ku Klux Klan, aliyeshiriki kumwandikia Gavana George Wallace hotuba ile ya 1963 ya kutetea ubaguzi wa rangi daima. Ukilijua hilo, unaona kilichokosekana. Watu wa Kusini humu ndani ni wakulima walioonewa tu, na vita vile vilipiganwa kwa ajili ya nini, picha inapita kando yake kama mtu anayekwepa dimbwi. Na nyuma ya kamera pia mambo hayakuwa safi, kwani mwongozaji wa mwanzo, Philip Kaufman, aliondolewa kazi ikiwa imeshaanza, Eastwood akakaa mwenyewe kwenye kiti, hata chama cha waongozaji kikaweka kanuni ya kuzuia mchezo wa namna hiyo. Nayataja haya ili uyajue kabla ya kutazama, si baada kama mimi.

Sasa, ukishamaliza Josey Wales, ndipo uichukue "Unforgiven".

Mtunzi wa hadithi yake ni David Webb Peoples. Eastwood aliishika ile hadithi miaka mingi bila kuipiga, akisubiri umri wake ufike. Huo ni uvumilivu ambao sisi vijana wa magazeti madogo hatuna. Alipofikisha miaka zaidi ya 60 akajivika William Munny, muuaji wa zamani, mjane, mfuga nguruwe mwenye watoto wawili, anayeshawishika kufanya kazi moja ya mwisho kwa ajili ya fedha. Makahaba wa mji wa Big Whiskey wamechanga dola 1,000 za kuwaua wachunga ng'ombe wawili, baada ya mmoja wao kumchanja mwenzao usoni kwa kisu. Sherifu wa mji, Little Bill, alikuwa ameimaliza kesi kwa faini ya farasi. (Gene Hackman, aliyefariki 2025, alipata Oscar kwa nafasi hiyo, na alistahili. Mtu mzima wa sheria anajijengea nyumba inayovuja kila kona.) Munny akianguka kwenye matope, wewe uliyetoka kwa Josey huwezi kucheka. Unaona mkono uleule ukitetemeka. Mwishoni kabisa Eastwood anawatunukia picha hiyo Sergio na Don, yaani Leone na Don Siegel, walimu wake wawili. Alikuwa analipa deni, na mdogo wangu hakuwa ameona akikopa.

Lakini aliyenikamata mimi shingoni katika picha hiyo si Munny. Ni mtu mmoja mfupi mwenye miwani, Beauchamp. Kazi yake ni kuandika vitabu vya wababe wa bastola. Kwanza anamfuata muuaji mmoja Mwingereza na kumtukuza. Little Bill anapomweleza jinsi tukio lilivyokuwa kweli, ulevi na bastola mbovu, anahama na madaftari yake kwenda kumwandika Little Bill. Little Bill akipigwa risasi, maiti hazijapoa, anamgeukia Munny kumuuliza alianza kumpiga nani. Hana ubaya wowote, maskini. Anataka kupata mpangilio wa matukio tu.

Na hapa lazima nikiri. Mimi naandika riwaya. Iko kwenye madaftari matatu, na hadi sura ya tano wameshakufa watu 14, nimewahesabu. Sisi tuliolelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba tunajua risasi moja inatosha kufunga sura. Simlaumu Musiba, kwani ndiye aliyenifundisha kufungua ukurasa unaofuata. Miaka miwili iliyopita, sokoni kwetu, kijana mmoja alituhumiwa kuiba simu. Watu wakamzunguka. Mimi nilikuwa nyuma, sikurusha jiwe wala sikusema neno. Alikufa palepale. Kabla hajafa aliomba maji, na mtu mmoja akacheka. Jioni ile ile niliingiza tukio katika daftari la tatu. Steringi wangu ndiye anayemmaliza mwizi, kwa teke moja safi. Rafiki zangu waliposoma walishangilia. Yale maji sikuyaandika. Niliona yanachelewesha mwendo wa hadithi.

Katika "Unforgiven" anapigwa risasi ya tumbo mchunga ng'ombe kijana, Davey, ambaye hata si yeye aliyeshika kisu. Hafi haraka. Analala nyuma ya mwamba akilia kiu, anaomba maji, na wenzake wanaogopa kutoka. Munny, aliyempiga, ndiye anayepaza sauti kwamba wampelekee maji jamani, hatapiga tena. Nilisimamisha picha. Nilitoka nje nikakaa kibarazani hadi mama akaniuliza kama naumwa.

Zilizobaki nitapita haraka, maana ukishakuwa na hizo mbili nyingine zitakufungukia zenyewe. "A Perfect World" (1993), mfungwa mtoro na mtoto aliyemteka, naipenda kuliko wengi wanavyoipenda. "The Bridges of Madison County" (1995) mtazamishe shangazi yako, na usiongee wakati Meryl Streep ameshika kitasa cha mlango wa gari mvuani. "Letters from Iwo Jima" (2006) inazungumzwa Kijapani karibu yote, Mmarekani akiwatazama maadui wa taifa lake kama watoto wa mama zao. Na "Gran Torino" (2008) iweke mwisho. Humo kuna mzee anayesimama mbele ya maadui zake akatia mkono ndani ya koti. Aliyeanza na hiyo ataona mzee na koti. Aliyepitia kwa Josey na Munny moyo utamsimama, kwani anajua mkono ule umewahi kutoa nini. Lugha isikutie hofu. Kiingereza changu ni cha Kidato cha Nne, na Eastwood haongei sana.

Ukurasa ule wa daftari la tatu bado uko vilevile, ila pembeni nimeandika kwa penseli: maji.

Jumamosi iliyopita nilimpa mdogo wangu Josey Wales. Hakulala. Alicheka sana pale kwa mbwa, na picha ilipokwisha akakaa kimya kidogo, akauliza, "Sasa kaka, kwa nini hakumpiga yule chifu? Si alikuwa na bastola?" Nikamwambia asubiri. Jumamosi ijayo tunaiweka tena "Unforgiven", umeme ukiwapo, na mimi nitakaa upande ambao nitamwona uso.