"Kutunga" na "Kutengeneza" Shanga: Uhakiki wa Dhana ya Ustawi wa Wanawake Wafugaji

Taarifa za miradi inayowahusu wanawake wa jamii asilia za wafugaji aghalabu hutumia kirai "utengenezaji wa shanga". Kirai hiki kina kasoro ya kimaana. Mwanamke wa Kimasai wa Kajiado au Ngorongoro hatengenezi shanga. Chembe za kioo anazotumia zimekuwa zikiletwa kutoka ng'ambo tangu karne ya 19, nyingi zikitoka Jablonec, katika nchi ya Cheki ya leo. Afanyalo ni kuzitunga, na Kiswahili hutumia kitenzi hichohicho kwa shairi. Mtungaji huamua rangi ipi ikae kando ya ipi, mfuatano ukatwe wapi, na pambo la shingoni lidokeze nini kuhusu rika na ndoa ya mvaaji. Klumpp na Kratz (1993), walipolinganisha mitazamo ya Waokiek na Wamasai kuhusu mapambo, waliichukulia kazi hii kuwa umahiri wenye vigezo vyake. Maandishi mengi kuhusu ustawi yameuacha msingi huo.

Badala yake, ustawi umepunguzwa ukawa kipato na utulivu wa moyo. Kipato si jambo dogo kwa mama asiyemiliki mifugo na anayetakiwa kulipa karo. Ndiyo maana serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ushanga mwaka 2017, ukilenga wanawake wafugaji katika kaunti 7. Hata hivyo, agizo la vikuku 100 vinavyofanana, ambavyo rangi zake zimeamuliwa na mnunuzi, humgeuza mtungaji kuwa mnakili. Tathmini inayohesabu vikuku haiwezi kuiona tofauti hii.

Dai la utulivu lina tatizo zito zaidi. Miongoni mwa Wasamburu kuna desturi ya morani kumvisha msichana shanga nyingi shingoni, na kwa shanga hizo kuruhusiwa kujamiiana naye, ingawa wao ni wa ukoo mmoja na hawawezi kuoana. Mara nyingi msichana huyo ni mtoto mbele ya sheria ya Kenya. Mtafiti anayeandika kwamba shanga huleta ustawi atamwambia nini? Katika Samburu hiyohiyo, wanawake waliokimbia dhuluma, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990, nao hujikimu kwa kuwauzia watalii shanga walizotunga. Chembe ni zilezile. Kinachotofautiana ni nani ameamua zitungwe vipi, nani amechagua zivaliwe na nani, na fedha zinashikwa na nani.

Kwa washauri wa sera, maswali hayo matatu yangefaa kutangulia hesabu ya mauzo katika hojaji. La kwanza ndilo linaloelekea kusahaulika, nadhani kwa sababu hojaji zenyewe bado zinaandika "utengenezaji".