Siki Ndiyo Inayoshikisha Rangi Kwenye Yai la Pasaka

Mayai ya Pasaka yakitoka na mabaka, lawama huangukia rangi. Mara nyingi rangi haina kosa. Mwenye kesi ya kujibu ni siki, au aliyeimimina.

Ganda la yai, kwa takriban asilimia 95, ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Rangi za chakula hazina hamu na chokaa. Kinachozishika ni utando wa protini ambao kuku huupaka juu ya ganda mwishoni, kabla ya kutaga. Unene wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Molekuli za rangi hizo zina chaji hasi. Siki ikiingia majini, tindikali yake huipa protini chaji chanya, na viwili hivyo vinavutana.

Kipimo cha kawaida ni nusu kikombe cha maji yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha siki na matone 10 hadi 20 ya rangi. Yai lililokwisha kuchemshwa likae humo kama dakika tano. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona kidogo kimefaa, wanamimina chupa. Tindikali inayoisaidia protini ndiyo inayokula chokaa. Vile vipovu vinavyopanda kutoka kwenye ganda ni kaboni dioksidi. Vikizidi, ganda linamomonyoka, utando unabanduka, na rangi inafutika kwa kidole. Hata vikiwa vichache, vikinata mahali pamoja huacha vidoa vyeupe, kwa hiyo mpe mtoto kijiko awe anageuza yai polepole. Kazi hiyo wanaipenda, na walau mikono inakaa nje ya bakuli.

Yai lisisuguliwe kwa nguvu kabla ya kutiwa rangi, maana utando wenyewe utaondoka. Vidole vyenye mafuta navyo huzuia rangi. Ila kizuizi hicho kikiwekwa kwa makusudi ni burudani: mtoto aandike jina lake kwa mshumaa mweupe, kisha alitumbukize yai. Maandishi yatabaki bila rangi. Mayai maarufu ya Ukraine, pysanky, hutengenezwa kwa kanuni hiyo, kwa nta ya nyuki, tabaka juu ya tabaka, kuanzia rangi nyepesi hadi nzito.

Wagiriki hutia mayai yao rangi nyekundu, ishara ya damu ya Kristo, siku ya Alhamisi Kuu. Njia yao ya zamani ni maganda makavu ya vitunguu maji: yanachemshwa kama nusu saa, yanachujwa, siki inaongezwa, na mayai yanapikwa humo kwa moto mdogo. Hutoka mekundu kama udongo wa mfinyanzi, kisha hupakwa mafuta ya zeituni yang'ae. Siku ya Pasaka watu huyagonganisha, na mwenye yai lisilopasuka ndiye mshindi.

Kwa anayenunua trei ya mayai ya kisasa, ambayo mengi ni ya kahawia, njia hii naiona bora kuliko zote. Juu ya kahawia, rangi ya manjano haionekani vizuri na buluu huchafuka. Vitunguu huongeza wekundu tu juu ya kilichopo.

Mwenye mayai meupe ya kienyeji ajaribu kabichi ya zambarau. Maji yake yakitiwa siki huwa ya waridi, lakini yai likilala humo kwenye friji usiku kucha hutoka la buluu. Rangi ya kabichi hufuata kiwango cha tindikali, na chokaa ya ganda huipunguza tindikali pale zinapogusana. Watoto watauliza kwa nini, na jibu ndilo hilo. Bitiruti mimi siipendi. Waridi yake huchakaa hata kabla yai halijakauka.

Mayai yaliyopambwa yawekwe kwenye friji na yaliwe ndani ya wiki moja. Yaliyokaa mezani zaidi ya saa mbili, watoto wasipewe.