Kubernetes the Hard Way: Ugumu Wenyewe Uko Wapi?

Ukimuuliza mhandisi wa mifumo namna ya kuielewa Kubernetes hadi ndani, jibu haliko mbali: fuata Kubernetes the Hard Way ya Kelsey Hightower. Mwongozo huu wa bure, uliopo GitHub tangu 2016, umekuwa kama jando la fani: ukishapita hapo, unahesabika. Ni mzuri, hilo halina ubishi. Ila kwa anayejenga klasta kwenye wingu binafsi, tuseme seva za maabara ya chuo zinazoendeshwa kwa OpenStack, unamwacha njiani pale anapouhitaji zaidi.

Kwa aliye mgeni: kontena ni kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Kubernetes huzigawa kontena kwenye kundi la mashine, yaani klasta, na kuziwasha upya zikizimika. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Zana kama kubeadm hukujengea klasta kwa amri chache tu. Hightower anakunyima njia hiyo ya mkato. Toleo la sasa linataka mashine nne za Debian, na kila kitu unakiweka kwa mkono: vyeti vya usalama, etcd inayotunza kumbukumbu za klasta, seva ya API inayopokea maagizo, kisha kubelet kwenye kila nodi.

Sehemu ya vyeti ndiyo bora kuliko zote. Unatengeneza cheti chenye jina system:node:node-0, ndani ya kundi system:nodes, na hapo unaelewa jinsi seva ya API inavyomtambua anayebisha hodi. Ukimaliza, unajua hakuna uchawi humu, ni programu chache zinazoaminiana kwa vyeti.

Sasa tuje kwenye lawama. Ya kwanza: mwongozo unafundisha kama imla. Amri zote zimeandikwa tayari, kwa hiyo mtu anaweza kunakili na kubandika toka mwanzo hadi mwisho na asielewe kitu. Hakuna mahali unapoambiwa, "Haya, sasa haribu." Jaribu mwenyewe: zima etcd. Kontena zilizokuwa zikifanya kazi zinaendelea kama kawaida, lakini huwezi kuweka mpya. Jaribio hilo dogo linakufundisha tofauti kati ya ubongo wa klasta na mikono yake kuliko kurasa kibao za amri.

Ya pili ni nzito zaidi: mtandao. Kila podi, yaani kontena moja au zaidi zinazokaa pamoja, hupewa anwani yake ya IP. Katika mwongozo, node-0 hugawa anwani za 10.200.0.0/24 na node-1 za 10.200.1.0/24, halafu unaongeza njia kati ya mashine kwa amri ya ip route. Kwenye mashine za kawaida zilizo katika mtandao mmoja, inatosha. Kwenye OpenStack, sehemu inayosimamia mtandao, Neutron, kwa kawaida hukagua kila pakiti inayotoka kwenye mashine. Ikibeba anwani ambayo mashine hiyo haikusajiliwa nayo, inatupwa kimyakimya. Anwani za podi hazijasajiliwa! Nodi zitaonyesha Ready, kila kitu kitapendeza, lakini podi za nodi tofauti hazitasikilizana mpaka umwambie Neutron aziruhusu anwani hizo.

Majaribio ya mwisho hayakamati kosa hili. Yanaweka podi moja ya nginx, na podi moja haiwezi kuonyesha kama mbili zinazungumza. Kusoma kumbukumbu zake au kuingia ndani yake hupitia kubelet, kwa anwani ya nodi yenyewe, kwa hiyo utafaulu mtihani huku klasta ikiwa nusu kiziwi.

Ya tatu ni maisha baada ya ujenzi. Vyeti vinapewa siku 3653, yaani miaka kumi, hivyo mwanafunzi hajifunzi kuvihuisha. Vya kubeadm, mbali na cheti mama, huisha kwa mwaka mmoja. Etcd ni moja tu, na kuinakili kwa akiba hakufundishwi. Diski ikifa, kumbukumbu zote za klasta zimekwenda.

Mtetezi atasema mwongozo wenyewe unatamka kwamba hii si klasta ya kazi halisi. Kweli. Lakini tunajua yanayotokea maabara: klasta ya kujifunzia inapandishiwa data ya utafiti, aliyeijenga anahitimu, na wenzake wanabaki na kitu wasichoweza kukitengeneza.

Basi usome, tena kwa mkono, bila kunakili. Ila ongeza kazi tatu zako: fanya podi za nodi mbili zipigiane simu, tengeneza cheti cha saa chache uone kikiisha kinaharibu nini, na irudishe etcd kutoka kwenye nakala ya akiba. Kama hujafanya hayo, usimkabidhi mtu data yake kwenye klasta hiyo.